Kanzu Mbili Kutoka Ukumbini: Tathmini ya Fundi Aliyeunguliwa na Duka

Ninachokitathmini hapa ni mshono. Natanguliza hilo kwa sababu tangu duka la fundi huyu liungue, kila anayemzungumza huanza na "maskini" na kumaliza na "Mungu atamlipa", na baina ya maneno hayo mawili hakuna anayesema kama kanzu anazoshona sasa zinavalika au hazivaliki. Mimi nimechukua kwake kanzu mbili, moja yangu na moja ya mwanangu wa miaka tisa, pamoja na kofia ya viua. Nimezivaa, nimezifua mara tatu, nimezigeuza ndani nje na kuzikagua juani. Jina la fundi sitalitaja, kwa kuwa mwenyewe ameniomba hivyo: oda alizonazo zinamtosha mpaka Idi Kubwa, na hapendi watu waende kwake kwa kumhurumia. Waliowahi kushonesha kwake watamtambua kabla hawajafika nusu ya maelezo haya.

Duka lake lilikuwa katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, upande wa Mkunazini, hatua chache kutoka Darajani, chini ya nyumba ya mawe ya ghorofa mbili. Marehemu baba yangu alishonesha hapo, nami kanzu niliyoolea ilitoka hapo. Ndani mlikuwa na cherehani tatu za umeme, mashine moja ya ovaloki, pasi ya mvuke iliyoning'inizwa na chupa yake ya maji, na meza ndefu ya kukatia ambayo ukingo wake ulikuwa umelika kwa miaka ya mkasi kupita pale pale. Fundi mwenyewe alikata. Mwanawe mkubwa na kijana mwengine wa mtaani walishona. Binti yake, aliyekwisha kumaliza skuli, aliweka daftari na kupokea simu. Aliyezijua taratibu za hapo alipeleka kitambaa mwezi wa Rajab, kwa sababu ikishaingia Shaaban foleni ilifika barazani, na ndani ya Ramadhani hakuna fundi wa maana hapa Unguja atakayepokea kanzu mpya bila ya kwanza kukucheka.

Kwa hivyo nilipeleka Rajab. Kitambaa kilikuwa poplini nyeupe, yadi saba, ambacho mama yangu alikileta kutoka Makka alipokwenda Umra na kukiweka sandukuni miaka miwili akimsubiri mjukuu wake akue "avae sawasawa na babake". Siku ya tisa baada ya kukipeleka, usiku, duka likaungua.

Sababu yake ni ya kawaida mno. Umeme ulikatika jioni pasi ikiwa mezani na swichi yake imewashwa. Walisubiri mpaka magharibi, wakaona haurudi, wakafunga mlango wakaenda zao, na nani hukumbuka kuzima kitu ambacho tayari kimezimika? Umeme ulirudi usiku, watu wameshalala. Gari la zimamoto halikuweza kuingia uchochoroni. Lilisimama barabarani na mipira ikavutwa kwa mikono kupita milangoni mwa watu, wakati huo majirani wakiwa wamekwisha kujipanga kupokezana ndoo kutoka kwenye birika la msikiti. Kuta nene za mawe na chokaa ziliuzuia moto usiende kwa jirani, lakini dari za nyumba zile ni boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa juu yake, na boriti zilipoliwa na moto, dari yote ilikuja chini ikazika kilichobaki. Waliokaa juu walikuwa wameshatoka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Cherehani tatu zilipofukuliwa, vichwa vyake vya chuma vilikuwa vizima kwa kuvitazama. Kijana alivisafisha, akavitia mafuta, akazungusha gurudumu kwa mkono, na mashine ikazunguka, hata watu wakafurahi. Ilipotiwa uzi ndipo ilipojulikana kuwa springi zote zimelegea, kwa kuwa chuma cha springi kikishapikwa na moto hupoteza ukakamavu wake na hakirudi. Vichwa hivyo viko uani kwao mpaka leo, vimepangwa chini ya mwembe, na kuku hulala juu yake.

Hapa pana jambo la kifiqhi ambalo kila mwenye kupeleka kitambaa kwa fundi angefaa kulijua. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Visiwani, kauli yenye nguvu ni kuwa mali iliyo mkononi mwa fundi ni amana: ikiharibika bila ya yeye kuzembea wala kuvuka mipaka, hailipi. Wazee wa barazani walimkumbusha hilo, na wakamwonesha na mlango wa kutokea: aseme ni hitilafu ya umeme, maneno ambayo kwa namna fulani ni ya kweli, na hapana mteja atakayemdai. Yeye alijibu kuwa umeme haukumwambia mtu aiache pasi imewashwa. Akamwambia kila aliyemuuliza kwamba pasi ile aliishika yeye, ameisahau yeye, na vitambaa vya watu atavilipa yeye. Kijana wake, nilipokuwa naye peke yetu akinipima bega, aliniambia bila ya kuulizwa kuwa pasi aliishika yeye, si mzee. Sikumjibu kitu, na sikuona kuwa ni juu yangu kujua nani kati ya wawili hao anasema kweli. Ila nilitambua kwamba kila ninapoondoka nyumbani kwao, wanakoshonea sasa, kijana husimama akazunguka ukuta mzima akizigusa swichi moja moja, hata zile ambazo hazina kitu kilichochomekwa.

Daftari nalo liliungua, kwa hiyo deni lenyewe halikujulikana ni kiasi gani. Binti alikaa na babake siku tatu, akawa anamuuliza vitambaa vilivyokuwepo rafu kwa rafu, na mzee akavitaja kwa kumbukumbu ya mikono yake zaidi kuliko ya majina: "ile nyeupe nzito ya yule bwana wa bandarini", "ile kahawia ya mtoto mwenye bega moja chini". Baadhi vilithibitishwa na jivu. Wasiofanya kazi hii huenda hawajui kuwa kila kitambaa kina namna yake ya kuungua: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka, hariri hunuka kama nywele, na nailoni na tetroni, yaani poliesta, huyeyuka zikaganda vidonge vigumu. Mafundi huitumia alama hii kila siku, kwa kuchoma uzi mmoja wa mteja anayeapa kuwa kitambaa chake ni pamba tupu. Binti aliokota vidonge hivyo katika vifusi na kujua vipi vilikuwa rafu ipi. Hesabu ilifika vitambaa 37. Wakatokea na watu wawili ambao hakuna aliyewakumbuka; binti hakuwakubali, mzee akaamuru waandikwe, na mpaka leo wamo katika daftari jipya kwa wino wa rangi tafauti, jambo ambalo ni hukumu ya binti iliyokaa kimya.

Walikuja nyumbani kwetu baba na binti baada ya sala ya Ijumaa. Walikataa soda, wakakubali maji. Mzee alimwelekea mama, si mimi, akasema kuwa kitambaa chake cha Makka hakikubakiza hata uzi wa kumwonesha. Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Basi yule muuzaji hakunidanganya, kilikuwa pamba kweli." Ndivyo tulivyomaliza. Tulisema kwamba hatudai. Akasema hakuja kuuliza kama tunadai, amekuja kuuliza kama tunataka poplini au tetroni. Tukachagua poplini.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Duka hawawezi kulijenga wao, kwa kuwa walikuwa wapangaji, na nyumba za Mji Mkongwe, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, hazitengenezwi kwa bati na matofali ya saruji kama mtu apendavyo. Mwenye nyumba atapaswa kutafuta boriti, chokaa na ruhusa, na huo ni mwendo mrefu. Familia imehamishia kazi nyumbani kwao Jang'ombe, katika ukumbi ulio baina ya mlango wa mbele na ua. Anayezijua nyumba zetu atapata picha: ukumbi mwembamba, milango ya vyumba pande zote mbili, na mwanga unaoingia kutoka pande mbili tu. Meza ya kukatia ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya madumu. Mteja hukalia kigoda au husimama, na wajukuu hupita katikati na mpira. Kioo cha kujitazama hakipo. Unapojaribu kanzu unamtegemea Bi Mkubwa, mke wa fundi, anayesimama hatua nne mbali akakuambia ukweli kuhusu tumbo lako.

Cherehani iliyopo ni moja ya mguu, Singer nyeusi ambayo maandishi yake ya dhahabu yamefifia. Ilikuwa chumbani imefunikwa kwa kanga na juu yake imewekwa redio. Mara ya mwisho kufanya kazi kwa dhati ilikuwa wakati kisiwa kizima kilipokosa umeme kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika. Wakati ule, Ami Fundi ananiambia, mafundi waliokuwa wameziuza cherehani zao za mguu kwa bei ya chuma chakavu walikuja kumsihi awakodishe yake hata kwa saa. Alipomaliza kazi ya miezi mitatu ile, mkewe alitaka iuzwe ili chumba kipate nafasi. Akakataa, na ugomvi wa nafasi ya chumba ukaendelea kwa miaka mpaka Rajab hii ulipokwisha wenyewe.

Kanzu yangu niliikagua kwanza ndani, kwa sababu nje ya kanzu nyeupe fundi yeyote anaweza kuipamba. Dukani zamani kingo za ndani zilipigwa ovaloki, ule msokoto wa nyuzi unaozuia kitambaa kisifumuke. Ovaloki haipo tena, na nilitarajia kukuta ama kingo zilizoachwa wazi ama zilizopelekwa kwa jirani. Nilikuta kitu ambacho sikukiona tangu kanzu za babu yangu: kila mahali badani, kile kipande cha mbele au cha nyuma, inapokutana na taharizi, kipande cha ubavuni, kingo mbili zimekunjiwa moja ndani ya nyengine na kushonwa mara mbili, hata ukipitisha ukucha hupati pa kushika. Mshono huu wa kukunja huchukua muda karibu mara mbili ya ule wa ovaloki, na fundi hakuwa akiupenda kabla. Aliufanya kwa sababu mashine iliungua. Lakini uvaliwaji wake ni bora. Chini ya kwapa, mahali ambapo kanzu zangu zote za miaka kumi iliyopita hunikwaruza nikitoka jasho, hii haikwaruzi. Kikwapa chenyewe, kile kipande cha pembe nne kinachoupa mkono nafasi ya kuinuka, kimekaa sawa pande zote mbili. Nikinyanyua mikono katika takbira, kanzu hainifuati juu.

Nyuzi za mashine ya mguu zimenyooka, nami nilizihesabu kwa rula kifuani, mgongoni na pindoni nisije nikadanganywa na mapenzi: mapigo ni kumi na moja kwa inchi karibu kila mahali. Mashine hii haina kurudi nyuma, kwa hivyo mwisho wa kila mshono haujafungwa kwa mapigo ya kurudi bali kwa fundo la mkono. Baada ya kufua mara tatu ni fundo moja tu lililofunguka, la pindo la nyuma. Katika shingo, darizi ya kaba imefanywa kwa mkono na Bi Mkubwa, kwa uzi wa hariri wa rangi ya maziwa juu ya nyeupe. Ukiwa mbali huioni. Mtu aliye karibu nawe katika safu ya sala ataiona. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa kanzu ya Kizanzibari, na wanaotaka shingo iliyojaa maua ya mashine wana maduka yao.

Nisije nikaonekana nimenunuliwa kwa poplini, kasoro zipo, na moja ni kubwa.

Dukani kitambaa kilipigwa kwanza pasi ya mvuke kabla ya kukatwa, ili kama ni cha kuruka, yaani kupungua kikifuliwa, kiruke kabla ya kushonwa. Pasi ya mvuke haipo, na hakuna aliyekumbuka kuwa kazi yake haikuwa kunyoosha tu. Kanzu yangu ilitoka ikiwa na urefu wa inchi 57, kipimo changu. Baada ya kufuliwa mara ya pili ikawa 56. Bado naivaa, na baadhi ya watu wangesema kuwa ni sunna zaidi, lakini mtu mrefu au mwenye kuvaa kanzu ndefu angekasirika, na angekuwa na haki. Nilipomwambia fundi, hakujitetea: alishika pindo akalinyoosha, akasema "imeruka", akamwita binti, na tangu siku hiyo vitambaa vyote vya pamba hurowekwa usiku kucha kwenye beseni kabla ya kukatwa. Kwa kanzu yangu nilichelewa, kwa yako hutachelewa.

Kasoro ya pili ni ya kanzu ya mtoto, na inatokana na ule ule mshono niliousifu. Zamani ndani ya kingo zilizopigwa ovaloki fundi aliacha inchi nzima kila upande, na mtoto akinenepa au akirefuka zilifumuliwa zikapanuliwa. Kanzu moja ilimvusha mtoto Idi tatu. Mshono wa kukunja umeila nafasi hiyo. Fundi ameacha pindo pana chini, kwa hivyo urefu utapatikana, ila upana haupo. Kwa mtoto wa miaka tisa anayekula kama wangu, hiyo ni kanzu ya mwaka mmoja. Ningeshauri wenye watoto waombe mshono wa kawaida katika taharizi na kingo zizungushwe kwa mkono, hata kama hazitapendeza ndani, mtoto hakagui.

Tatu, pasi. Sasa wanatumia pasi ya mkaa, na siku nilipochukua nguo zangu niliona doa dogo la kijivu kwenye sijafu ya mkono wa kulia, jivu lililorukia kutoka tundu la pasi. Lilitoka kwa sabuni. Ila namna wanavyoipiga pasi hiyo sitaisahau. Haingii ndani. Bi Mkubwa ameweka meza uani, mbali na ukuta, na chini yake pana ndoo ya mchanga na ndoo ya maji. Akimaliza huumimina mkaa juu ya mchanga, huutia maji, huukoroga kwa kijiti, halafu huweka kiganja chake juu yake na kukiacha hapo kwa muda, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Hapo tu ndipo huingia ndani. Nilimsubiri akamaliza haya yote kwa ajili ya kanzu moja ya mtoto, na ilichukua muda mrefu kuliko pasi yenyewe.

Nne ni muda. Niliahidiwa mwezi ishirini na tano Ramadhani, nikapata usiku wa mwezi ishirini na tisa, wakati mitaa yote inatazama juu kutafuta mwezi. Mtu akizingatia kuwa vitambaa 39 vilishonwa na cherehani moja, baba akishona mchana na mwana usiku baada ya tarawehe mpaka daku, atastaajabu kwamba vilikwisha. Lakini mteja anayeambiwa ishirini na tano hupanga mambo yake kwa ishirini na tano. Kosa halikuwa kuchelewa. Lilikuwa kutonipigia simu. Binti alinieleza kuwa aliona haya kuwapigia watu ambao tayari wameshaunguliwa na vitambaa vyao. Naifahamu haya hiyo, na bado naihesabu kuwa ni kasoro.

Mwanangu aliivaa kanzu yake siku zote nne za sikukuu, akaenda nayo Mnazi Mmoja akarudi na doa la ashikrimu la rangi ya waridi kifuani. Bibi yake aliona rangi ya kanzu inalingana na ya babake, akaridhika, na hakutaja Makka.

Kofia ya viua niliinunua kwa pesa, nje ya hesabu ya deni. Hii ni kazi ya Bi Mkubwa na dada zake, na katika mwezi wa kwanza baada ya moto ndiyo iliyokuwa ikiweka chungu jikoni, kwa kuwa sindano ya mkono haiungui na duka. Kila kiua, kile kitundu kidogo kinachozungushiwa uzi, hufanywa kimoja kimoja, na kofia nzima ya kazi nzuri huchukua wiki nyingi. Yangu ina mistari ya viua iliyonyooka mbele, na nyuma karibu na maungio mistari miwili imekaribiana kuliko inavyopaswa. Bi Mkubwa ndiye aliyenionesha, mimi nisingeona. Alisema dada yake mdogo alikuwa na usingizi. Akanipunguzia shilingi elfu tano nisizoziomba, nikazikubali, kwa sababu kuzikataa kungekuwa ni kusema kuwa kofia yake inauzwa kwa huruma.

Pesa za kununulia vitambaa vya kulipa zilitoka katika upatu wa wanawake wa mtaani. Zamu ya Bi Mkubwa ilikuwa ya mwisho, na waliokuwa mbele yake walimpisha. Hapo ndipo yeye na mumewe walipotafautiana. Bi Mkubwa alitaka kwanza inunuliwe cherehani ya umeme, ili kazi iende kasi na madeni yalipike kwa kazi hiyo; fundi alitaka kwanza vitambaa, kwa hoja kuwa deni la watu haliwezi kusubiri faida yake. Nikiwa mteja ningesema Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa na hesabu nzuri, na kuchelewa kwa siku nne ni bei ya ushindi wa mzee. Lakini poplini niliyoivaa siku ya Idi ilinunuliwa kwa ushindi huo huo, kwa hivyo mimi si hakimu wa kuaminika.

Kwa bei, kanzu za deni sikutozwa kitambaa wala ushoni. Nimeuliza kwa ajili ya wengine: ushoni wa kanzu ya mtu mzima ni shilingi 30,000 na wa mtoto 18,000, bei zile zile za kabla ya moto, ingawa kazi ya ndani imeongezeka maradufu. Kwa kanzu ya pamba yenye mshono wa kukunja na darizi ya mkono, bei hiyo ni ndogo, na nimemwambia hivyo. Kwa kitambaa cha tetroni nisingempelekea kwa sasa: niliona kanzu ya mteja mwengine ikiwa imekunyata katika mstari wa kifua, kwa kuwa mashine ya mguu yenye uzi wa kawaida hukivuta kitambaa kile kuliko pamba, na pasi ya mkaa haiwezi kuwekwa moto wa kutosha juu yake bila ya kukiunguza. Suruali na makoti apelekewe mtu mwengine. Magauni ya kina mama hushona binti, na mke wangu, ambaye hukumu yake ni kali kuliko yangu, amesema atampa moja kwanza aone.

Daftari litafunguliwa tena mwezi ishirini Mfunguo Tatu, siku kumi baada ya Idi Kubwa. Kitambaa kipelekwe kikiwa kimekwisha kurowekwa na kukaushwa, na jina la mwenyewe liandikwe kwenye ncha kwa kalamu ya risasi, kwa sababu binti hulinganisha ncha na daftari kila jioni kabla ya kufunga, na daftari haliachi tena pale zilipo nguo. Hulichukua chumbani akalala nalo.